SS si uloji: dawa ipo, lakini watoto hawapimwi mapema

Kamina – Mtoto ana macho ya manjano, vidole vimevimba, analia usiku kucha. Kuna familia zinatafuta kwanza muloji, na kuna baba anamufukuza mama. Lakini SS inatoka kwa wazazi wote wawili. Baba AS, mama AS: wenyewe ni wazima, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS.

Katika nchi yetu, karibu watoto 2 kati ya 100 wanazaliwa nayo. Chembe za damu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa. Maini na mapafu navyo vinaumia.

Dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda. Matokeo ya 2018: maumivu na palu vilipungua karibu nusu, vifo vilishuka zaidi. Haimalizi ugonjwa, na muganga anapaswa kufuatilia damu.

Lakini mtoto asiyepimwa hapewi dawa hiyo. Basi mbele ya ndoa, na mapema kisha kuzaa, ulizeni lopitali kipimo cha elektroforezi.