Tajiri Hahami kwa Shida

Mmarekani tajiri yuko na kila kitu kwao. Mbona basi ahame? Mwaka 1959 William Holden, mcheza sinema wa Marekani, alinunua hoteli Nanyuki pamoja na wenzake. Hapa kwetu, Mwingereza Ewart Grogan alijijengea kasri kilimani karibu na Taveta miaka ya 1930. Nionavyo mimi, matajiri hufuata nafasi: hewa safi, ardhi tele, watumishi wengi. Kijana wa Voi naye huenda Mombasa kutafuta kibarua tu. Na nafasi yenyewe ni haba, maana mbuga ya Tsavo, tangu 1948, imechukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akichukua shamba, mwenyeji atapona vipi?