Kijana alijibu, waamuzi hawakumsikia

Mwaka jana nilialikwa kutazama mashindano ya sayansi ya shule za upili katika kaunti moja ya magharibi mwa nchi. Mimi ni mtu wa isimu, na sikuwa na kazi yoyote huko ila kuketi miongoni mwa wageni. Hata hivyo, nilitoka na jambo ambalo limenikera hadi leo.

Mvulana wa kidato cha tatu alikuwa amekuja na mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na tarakilishi, ile ambayo mafundi huiita CNC. Aliiunda nyumbani. Fremu yake ilikuwa ya plaiwudi, reli zake zilikuwa za droo za meza kuukuu, na kichwa cha kukatia kilikuwa rauta ndogo ya mkono aliyoazimwa na seremala wa mtaani. Mota tatu zilisogeza kichwa hicho kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mota hizo hazizunguki mfululizo kama za feni, bali hatua kwa hatua, hatua 200 kwa kila mzunguko.

Nilimwendea kabla ya waamuzi kufika, nikamwomba anieleze. Alinieleza kwa Kiswahili, naye hakubabaika. Kila mota huzungusha skurubu ndefu yenye unene wa milimita 8, aina inayouzwa katika duka lolote la vyuma. Skurubu ikizunguka mara moja, nati husogea milimita 1.25. "Kwa hivyo, mwalimu, 200 gawanya kwa 1.25 ni 160. Nikitaka isogee milimita moja, naiambia mota ipige hatua 160." Nikamuuliza ni kitu gani kilichomtatiza zaidi. Akasema ni nati kucheza. Mota ikibadili mwelekeo, skurubu huzunguka kidogo kwanza bila kusukuma kitu, na duara lililokusudiwa hutoka limepondeka. Dawa aliyoipata ni kutia nati mbili na springi katikati, ili zikaze hesi kutoka pande zote mbili.

Kisha akanionyesha maandishi yanayoiamuru mashine. Hapo ndipo nilipovuta kiti. G0 ni amri ya kwenda upesi bila kukata, na G1 ni amri ya kwenda kwa mstari ulionyooka kwa kasi iliyotajwa. Ukishaandika G1 mara moja, huna haja ya kuirudia. Mistari inayofuata hutaja mahali tu, na mashine huendelea vivyo hivyo hadi iamriwe vingine. "Ni kama -ka-," akasema. "Ukishasema alikwenda, mengine ni akanunua, akarudi." Nimefundisha kiambishi hicho miaka mingi na sijapata kukisikia kikitumiwa kufafanulia mashine. Lakini mfano wake ni sahihi: kitenzi cha kwanza huweka wakati, na vinavyofuata huurithi.

Waamuzi walipofika, walimtaka ajieleze kwa Kiingereza. Kijana yule yule akawa bubu. Aliulizwa kuhusu ule mchezo wa nati kwa jina lake la Kiingereza, asilijue. Akaonyesha springi kwa kidole, akanyamaza. Aliponyimwa alama za uwasilishaji, kazi yake ikaachwa nyuma ya bango lililonakiliwa vizuri juu ya uchafuzi wa mito.

Sidai kwamba waamuzi walikuwa na nia mbaya. Walifuata desturi. Naijua pia hoja ya wenzangu: mtihani wa kitaifa wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza, na anayetaka uhandisi chuoni hana budi kukimudu. Ni kweli, na kijana huyu afundishwe Kiingereza barabara. Lakini mashindano yale hayakuwa mtihani wa Kiingereza. Yalikusudiwa kupima kama mtoto ameielewa kazi aliyoifanya, na kipimo kilichotumika kikapima kitu kingine. Isitoshe, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sioni kwa nini urasmi huo ukomee mlangoni pa maabara.

Zamani kazi ya namna hii ilikuwa ya mataifa makubwa. Mnamo 1952 chuo cha MIT huko Marekani kilipoonyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu, vifaa vya kuiendesha vilikuwa vikubwa kama kabati za nguo. Siku hizi bodi ya Arduino, iliyobuniwa Italia mwaka 2005, hutoshea kiganjani, na programu ya Grbl inayotafsiri amri zile kuwa hatua za mota hupatikana bila malipo tangu 2009. Kilichobaki kuwa ghali ni mtu wa kukusikiliza.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu wa Kiswahili. Tunakaa vyumbani tukibuni istilahi ambazo hakuna fundi azitumiaye, ilhali karakana iliyo ng'ambo ya barabara imejaa maneno: jiriwa, keekee, tupa, randa, hesi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuingia humo na daftari? Mimi mwenyewe neno "hesi" nililijua kwa kulisoma kamusini. Nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu hadi siku ile.

Nimewaandikia waandalizi barua. Sikuomba matokeo yabatilishwe, kwa kuwa yamekwisha kutangazwa na washindi hawana hatia. Nimeomba fomu ya usajili ya mwaka ujao iongezwe kisanduku kimoja, mshiriki achague atajieleza kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na katika kila jopo awepo mwamuzi mmoja anayeweza kuuliza maswali ya kiufundi kwa lugha zote mbili. Jibu bado sijapata.