Dola Ikianguka, Sisi Tutasimama Juu ya Nini?



Katika mikutano yetu ya Lulindi, tukisha maliza habari za ghala na salfa, hainuki mwingine ila wa kuuliza: Je, ni kweli kwamba dola ya Marekani inakufa? Na wengine hupiga makofi kabla hatujajibu.

Sisi twasema: msipige makofi upesi.

Kwanza, dola haijafa. Mwaka 2000, katika kila sehemu 100 za akiba ya fedha za kigeni iliyowekwa na benki kuu za dunia, zaidi ya 70 zilikuwa dola. Mwaka 2024 zilikuwa kama 58. Euro inaifuata kwa mbali, kama 20, na yuan ya China, yenye kelele nyingi, kama 2 tu. Imepungua, na sababu moja inajulikana. Mwaka 2022 Marekani na wenzake waliizuia akiba ya Benki Kuu ya Urusi, yenye thamani ya kiasi cha dola bilioni 300. Tangu hapo kila nchi inajiuliza: akiba yangu iko kwangu, au iko kwa jirani? Ndiyo maana benki kuu nyingi zinanunua dhahabu, na ya kwetu imo.

Sasa wako ndugu zetu wasemao: dola ikishuka na yuan ikapanda, tumeokoka. Hapo ndipo tunapopingana nao. Mtumwa akiuzwa kwa bwana mwingine hajawa huru.

Tazameni maneno yetu wenyewe. Tunasema "pesa", neno lililotoka paisa ya Bara Hindi. Tunasema "hela", nayo ni Heller ya Wajerumani. Wazee wetu wa Masasi na Newala walidaiwa kodi ya Mjerumani kwa rupia, kisha ya Mwingereza kwa shilingi. Kila fedha ilidhaniwa ya milele. Rupia na hela zilikwenda na wenyewe, jembe likabaki mkononi mwetu.

Mwaka 1949 serikali ya Uingereza ilipunguza thamani ya pauni kwa kiasi cha 30 katika 100. Shilingi yetu, iliyofungwa kwa pauni na Bodi ya Sarafu iliyokaa London, ikashuka nayo. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Mwaka 1967 Waingereza waliipunguza tena. Mara hiyo Tanzania ilikataa kuwafuata, kwa sababu tangu 14 Juni 1966 tulikuwa na Benki Kuu yetu. Huo ndio uhuru unaoshikika.

Lakini tusijidanganye: benki peke yake haitoshi. Miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua korosho, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Viwanda vikanyamaza, deni halikunyamaza. Wala tusimtupie mgeni lawama zote. Ni sisi tuliowahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, tukawalipa kidogo, tena kwa kuchelewa.

Na leo? Korosho ya Lulindi huuzwa mnadani kwa shilingi, lakini mnunuzi hupiga hesabu yake kwa dola, maana ataipeleka India au Vietnam. Sehemu kubwa hutoka ikiwa ghafi, na maganda yake. Wenzetu huko wanaibangua, wanapata kazi, wanaiuza Ulaya na Marekani kwa bei ya juu. Sisi tunabaki tukisubiri salfa na dizeli kutoka ng'ambo. Dola zilipoadimika mwaka 2023, shilingi ikashuka, hata mwaka 2024 ikapita 2,600 kwa dola moja.

Twauliza: mnunuzi huyo akileta yuan badala ya dola, hiyo korosho itakuwa imebanguliwa na nani?

Mwaka 2025 majirani zetu wa Kenya waligeuza madeni ya reli yao kwa China kutoka dola kuwa yuan, riba ikapungua. Nafuu ni nafuu, hatuikatai. Lakini deni limebaki deni.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu.

La kwanza, shilingi iheshimiwe nyumbani. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Mwenye nyumba anayemdai mwananchi kodi kwa dola anavunja kanuni, na aambiwe wazi.

La pili, kila msimu korosho nyingi kuliko za msimu uliopita zibanguliwe huku huku kusini. Wanachama, ulizeni swali hili katika mikutano ya vyama vyenu vya msingi, wala msikubali kujibiwa kwa hotuba.

La tatu, tuuze kwa kila mwenye bei nzuri, kwa fedha yoyote inayokubalika, bila kujifunga kwa mmoja.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Dola ianguke kesho au isimame miaka 100, mkulima anayeuza korosho na ganda lake atapangiwa bei na wengine. Tuache kuwahesabia wakubwa siku zao. Tuhesabu magunia yanayoondoka ghafi, tuyapunguze.