Kompyuta ikianguka, usikimbilie kupiga Windows

Moshi ni makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania na ya chama kikuu cha ushirika KNCU, kilichoundwa mwaka 1933. Katika mji huo msimu wa kahawa hauna subira. Hesabu za stoo, ankara na malipo ya benki sasa hupita kwenye kompyuta. Mashine ikigoma siku ya malipo, mkulima aliyeteremka kutoka Kibosho au Marangu haulizi habari za ufundi. Anauliza fedha yake.

Hata hivyo, hasara kubwa kwa mfanyabiashara mara nyingi haitokani na ugonjwa bali na tiba. Kompyuta ikileta skrini ya bluu na kujiwasha upya, mwenye duka huambiwa kuwa mtandao ni mbovu au kuna virusi, kisha hushauriwa apigiwe Windows upya. Hulipa, hupoteza siku nzima ya biashara, na pengine hupoteza hesabu ambazo hazikuwa na nakala. Wiki haijaisha, skrini ya bluu imerudi.

Ukweli ni kwamba mtandao ukikatika, kompyuta haianguki. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini, lakini kompyuta ziliendelea kuwaka. Kinachoweza kuiangusha mashine kila inapoingia mtandaoni ni draiva ya mtandao, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kadi ya waya au ya waifai. Draiva hiyo hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo. Ikikosea hapo, Windows hujisimamisha yenyewe ili data isiharibike.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza kuwa draiva za aina zote zilisababisha asilimia 85 ya maanguko ya Windows XP yaliyoripotiwa wakati huo. Mifumo imeimarika tangu hapo, lakini tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu, lililosomwa na draiva ya kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani.

Ndiyo sababu kupiga Windows huweza kuwa kazi bure: mfumo mpya ukiunganishwa na intaneti unaweza kujipakulia draiva ile ile. Aidha, diski ikisafishwa, ushahidi nao hufutika. Kila inapoanguka, kwa kawaida Windows huacha kumbukumbu katika folda iitwayo Minidump, na mara nyingine skrini yenyewe hutaja jina la faili lenye kosa, linaloishia na .sys.

Uchunguzi wenyewe ni rahisi. Kwanza, skrini ya bluu ipigwe picha kwa simu. Pili, waifai izimwe na intaneti ichukuliwe kwenye simu kwa waya wa USB. Mashine ikitulia, mshukiwa ni kadi ya mtandao au draiva yake. Tatu, draiva irudishwe kwenye toleo la awali, au ipakuliwe nyingine kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo, si kutoka tovuti yoyote inayojitokeza. Maanguko yakiendelea, ndipo kumbukumbu ya RAM, vumbi na umeme vikaguliwe.

Mfanyabiashara wa Mbuyuni hawezi kukubali kushushiwa injini ya gari kabla plagi hazijaangaliwa. Kwenye kompyuta hukubali, kwa kuwa anayemlipa fundi kwa kupiga Windows hana mazoea ya kumlipa kwa kutafuta chanzo. Fundi naye hufanya kile kinacholipwa. Inafaa malipo yabadilike: fundi alipwe kwa kutaja kosa na kuonyesha ushahidi wake, hata kama marekebisho yamechukua dakika kumi tu.

Kabla ya msimu, nakala ya hesabu iwekwe nje ya kompyuta, na draiva ya mtandao inayofanya kazi vizuri ihifadhiwe kwenye flashi. Mashine isiyo na draiva hiyo huenda isiweze hata kuingia mtandaoni kuitafuta. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na siku moja ya kuwaambia wakulima warudi kesho.