Kujua Kazi Hakutoshi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kuanzia Kibingo na Nkwenda hadi Omurushaka na Kayanga, imeenea imani kwamba kijana aliyekaa kwa fundi miaka miwili au mitatu hana haja ya kuandaliwa kwa ajili ya tathmini ya mwisho, kwa kuwa kazi hujionyesha yenyewe na mikono iliyozoea mwiko, randa au spana haiwezi kumwangusha mwenye nayo. Imani hiyo husemwa kwa fahari, hasa na mafundi, na kwa juu juu inaonekana kuupa ufundi heshima yake. Hata hivyo ni imani ya uongo, na gharama yake hulipwa na mwanagenzi peke yake.

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi akiwa kazini chini ya uangalizi wa fundi, na tathmini huru ni kipimo cha mwisho kinachoendeshwa na mtu ambaye hakumfundisha, hamlipi wala hamjui. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imewafungulia mlango wa tathmini hiyo hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga chuo, kupitia urasimishaji wa ujuzi, yaani utaratibu wa kumpima mtu kwa kile alichojifunza mtaani na kumtambua rasmi akithibitika. Kipimo hicho huongozwa na dhana ya umahiri, ambayo haijali mtu amekaa kwa fundi miaka mingapi. Hutaka kuona anaweza kufanya nini, kwa kiwango gani, na kama anaelewa kwa nini anafanya hivyo. Hapo kwenye sababu ndipo wengi huangukia.

Uashi unatosha kuonyesha jinsi jambo hilo linavyotokea. Kijana anayeitwa saidia fundi huchanganya zege, hubeba tofali, huchota maji na, baada ya muda, huruhusiwa kujenga sehemu ya ukuta iliyo kati ya kona mbili ambazo fundi amekwisha kuzisimamisha. Kazi ya kusoma ramani, kutandika uzi wa msingi, kuhakikisha pembe mraba kwa kanuni ya tatu, nne na tano (mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mita 5 zikiunganisha ncha zake), kukadiria mifuko ya saruji na kuamua uwiano wa mchanganyiko, fundi huifanya mwenyewe asubuhi na mapema, mara nyingi kabla msaidizi hajamaliza kuteka maji. Miaka mitatu ikipita hivyo, kijana huwa na kasi ya kusifika katika kupanga tofali, lakini hajawahi kufanya uamuzi hata mmoja ambao nyumba inautegemea. Mpimaji anapompa mchoro mdogo na kumtaka asimamishe kona kwa timazi na pima maji, kisha amweleze kwa nini maungio ya safu moja yasiangukie maungio ya safu iliyo chini yake, kijana huyo hugundua kwamba alichokuwa akikiita kazi kilikuwa kipande tu cha kazi. Ni sahihi kusema kwamba kazi hujionyesha, ila katika hali kama hiyo inachoonyesha ni kile ambacho mwanagenzi alinyimwa.

Watetezi wa imani hiyo hujibu kwamba kosa ni la kipimo, ambacho eti hupenda maneno kuliko vitendo. Hoja hiyo ina chembe ya haki: mpimaji anayemfelisha seremala hodari kwa kutojua jina la Kiingereza la patasi anapima lugha, na anastahili kulaumiwa. Lakini kutoa sababu ya kazi ni sehemu ya kazi yenyewe, na mkoa wa Kagera una kila sababu ya kulijua hilo. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Fundi anayeweza kumweleza mteja mbishi kwa nini linta izunguke nyumba nzima badala ya kuishia juu ya milango na madirisha, na kwa nini zege limwagiliwe maji kwa siku kadhaa hata kama fedha zinakaribia kuisha, anatumia maneno kuzuia kifo. Asiyeweza kueleza atakubali kupunguza nondo mara tu mwenye nyumba atakaponung'unika.

Wengine hukumbusha kwamba wahunzi wa Karagwe walifua vyuma vilivyotunzwa kama hazina ya watawala wa Bweranyange, vikawashangaza wageni wa Ulaya waliofuata njia ya mpelelezi Mwingereza Speke, aliyefika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na hakuna aliyewadai cheti. Hawakudaiwa kwa sababu waliishi kati ya watu waliojua nani alimfundisha nani. Kijana wa leo kutoka Kyerwa hutafuta kibarua Mwanza au Geita, ambako jina la fundi wake halimaanishi chochote, na akiwa fundi umeme hukuta kwamba leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inadai cheti kinachotambulika.

Imani hii inadumu kwa sababu ina faida kwa wanaoieneza. Fundi anayesema kwamba kazi yenyewe itamfundisha kijana hujiondolea wajibu wa kufundisha, huku akibaki na nguvu kazi ya bei ndogo na akichelewesha siku ambayo msaidizi atakuwa mshindani wake. Msimu wa kahawa huzidisha tatizo, kwani fedha zinapoingia mikononi mwa wakulima kila mtu hutaka nyumba yake ipauliwe haraka, na fundi mwenye kazi tatu kwa mpigo hana subira ya kumwachia mwanagenzi kona. Wala haisaidii kufidia kasoro hiyo kwa majuma mawili ya kukariri maswali kabla ya mtathmini kufika. Hiyo ni imani ileile iliyogeuzwa upande wa pili.

Maandalizi ya kweli huanza siku mwanagenzi anapopewa kazi nzima, hata iwe ndogo kama banda la kuku, aipime, aikadirie, aijenge na kuitetea mbele ya fundi mwingine ambaye hana sababu ya kumsitiri. Ng'ambo ya mto Kagera, Uganda ilibuni hati ya mfanyakazi inayoorodhesha stadi ambazo mwenye nayo amethibitishwa kuziweza, moja baada ya nyingine, na wazo hilo halihitaji sheria mpya ili kuigwa kwa daftari la kawaida la kumbukumbu za kazi, lenye sahihi ya fundi na ya fundi jirani.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zina nyenzo ya kulazimisha jambo hili pale ambapo nasaha zimeshindwa. Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu unaoitwa force akaunti, ambapo halmashauri au kamati ya shule hununua vifaa na kumlipa fundi wa jirani gharama ya ufundi tu. Mkataba wa aina hiyo unaweza kuweka sharti kwamba kila mwanagenzi aliye katika eneo la ujenzi atandike uzi wa chumba kimoja na kusimamisha angalau kona moja, chini ya uangalizi wa fundi, na kwamba mhandisi wa halmashauri amhoji kijana huyo mwenyewe kabla fundi hajalipwa awamu inayofuata.