Fomu ya Kazini na Haki ya Warithi



Mara tu alipomaliza eda, mjane mmoja alitujia nyumbani hapa Eldoret, akiwa amefuatana na mama mkwe wake. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mjini kwa karibu miaka 20, na kila mwezi fungu la mshahara wake lilikatwa likatiwa katika mfuko wa pensheni wa kazini. Akiba hiyo ilifika shilingi 960,000. Mjane hakupata hata senti moja. Fomu aliyoijaza marehemu siku alipoajiriwa, angali kapera, ilikuwa na jina moja tu, nalo ni la nduguye mdogo. Baadaye alioa, akajaaliwa watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na fomu ikabaki vile vile ndani ya faili.

Wasomaji wetu wasiharakishe kuwalaumu wadhamini wa mfuko. Sheria ya Kenya ya mafao ya uzeeni haiyahesabu mafao ya mwanachama aliyefariki kuwa sehemu ya mali yake ya urithi. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko wao, na jambo la kwanza wanalolitazama ni ile fomu. Kwa hivyo familia yaweza kwenda kwa Kadhi kugawana nyumba, shamba na vyombo, ilhali fedha nyingi kuliko vyote hivyo zimekwisha kupita mlango mwingine.

Ama sheria yetu, msimamo tunaoushika ni kwamba akiba aliyoichuma mtu kwa jasho lake ni tirka. Hulipwa kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Aliyeandikwa katika fomu ni amini wa kupokea na kufikisha, hakumilikishwa. Marehemu huyu hakuacha deni, na babake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Basi mke hupata thumuni, yaani 120,000. Mama hupata sudusi, yaani 160,000. Zinazobaki, 680,000, ni za watoto: kila mwanamume 272,000, na binti 136,000. Ndugu, maadamu pana mtoto wa kiume, hana fungu.

Tulimwita huyo ndugu. Ni kijana mwenye adabu, hatukumwona kuwa ni mwizi. Alituambia, “Sheikh, karatasi ina jina langu, na marehemu aliiandika kwa hiari yake.” Kwa macho ya afisi, maneno yake ni kweli. Aliyetutia uchungu zaidi ni mama yao, aliyeketi kati ya mtoto aliyezikwa na mtoto aliye hai, hawezi kudai haki ya wajukuu bila ya kumshitaki mwanawe.

Twaliandika jambo hili sasa kwa kuwa fedha zenyewe zimekuwa nyingi. Kwa miaka mingi Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ilikuwa ikipokea shilingi 200 kutoka kwa mfanyakazi na 200 nyingine kutoka kwa mwajiri. Tangu Februari 2023, ilipoanza kutekelezwa sheria ya mwaka 2013, kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara, na kiwango cha juu cha mshahara unaohesabiwa kimekuwa kikipanda kila mwaka. Mwenye mshahara wa 30,000 sasa huwekewa 3,600 kwa mwezi mahali pa zile 400. (Wanaotuuliza kuhusu riba katika uwekezaji wa mifuko hii, suala lao tunalo, nalo lataka makala yake peke yake.)

Fomu hii hubadilishwa. Mtu huenda katika afisi ya wafanyakazi kazini kwake, akaomba kuiona ya zamani, akajaza mpya: anapooa, anapozaliwa mtoto, anapotalikiana, anapofiwa na mzazi. Aandike warithi wake wote kwa mafungu yao. Akichagua kuandika mtu mmoja mwaminifu, basi aache na hati yenye mashahidi wawili, inayosema kwamba mtu huyo ni amini wa kugawa kwa mujibu wa mirathi, na nakala yake iwe kwa mkewe. Tumewasikia wake wanaoona haya kuuliza, wakichelea kuambiwa kwamba wanamngojea mume afe. Kuulizia haki ya mayatima si utovu wa adabu.

Nao akina mama walioajiriwa, walimu na wauguzi, wasijidhani wamo nje ya maneno haya. Wengi waliandika jina la mama au dada kabla ya kuolewa, na mume mwenye watoto ana robo yake katika mali ya mkewe. Hata mwenye meza ya mboga sokoni, anayeweka shilingi 25 kwa siku katika mpango wa Haba Haba wa NSSF, ana jina aliloliandika mahali.

Sisi wenyewe, baada ya wageni wale kuondoka, tuliitafuta nakala ya fomu yetu tuliyoijaza tulipoanza kusomesha. Ilikuwa na jina la mama yetu peke yake, naye ni miaka tisa tangu tumzike. Jumatatu iliyofuata tulikwenda kuibadilisha, na kazi yote haikuchukua nusu saa.

Yule kijana alikwisha kununua kiwanja kwa sehemu ya fedha zile. Hadi tunapoandika haya amerejesha 300,000, na amekubali kuja tena Ijumaa ijayo baada ya swala, pamoja na mama yake, tuzungumze habari ya kiwanja.