Usikope namba ya plagi ya mwenzako

KUNA swali moja nimelichoka. Kila nikipita eneo la sevisi kwenye mbio zetu za magari, iwe Morogoro, Iringa au Tanga, lazima nimsikie mtu akiuliza: "Wewe umefunga plagi namba ngapi?" Anajibiwa "nane". Basi, anaondoka mbio kutafuta nane. Hajauliza gari la mwenzake limefanyiwa nini, wala hajajiuliza la kwake lina nini. Ameshapata jibu.

Hivyo ndivyo tunavyoua injini.

Nilikuwapo siku kijana mmoja alipomaliza mbio zake katikati ya mashamba ya mkonge. Alikuwa na Subaru Impreza. Ameng'oa tabo ya kiwandani, kafunga kubwa zaidi. Ekzosi mpya, kompyuta ya gari imepangwa upya. Akiba yake ya miaka miwili ilikuwa imelala pale chini ya boneti. Plagi? Zile zile namba 6 za gari la kwenda kazini. Akajitetea kwamba ni mpya, zimetoka kwenye boksi asubuhi ile.

Hatua ya tatu akakanyaga mafuta kilomita kadhaa bila kupumzika. Injini ikaanza kugonga, moshi ukafuata, gari likazima. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Msoma ramani wake alikaa juu ya tairi la akiba, hasemi kitu.

Habari zikasambaa. Msimu uliofuata dereva mwingine akafunga plagi namba 9 kwenye gari ambalo halikuwa na nguvu nyingi kihivyo. Alidhani anajikinga. Kutoka eneo la sevisi hadi hatua ya kwanza ni barabara ya kawaida, unakwenda taratibu na malori na bodaboda, halafu unapanga foleni kusubiri zamu. Huko huko injini ikaanza kumisi. Alipoitwa kwenye mstari wa kuanzia, gari linakohoa tu. Plagi zilipotolewa zilikuwa nyeusi tii, zimelowa petroli.

Makosa mawili tofauti, ugonjwa mmoja. Wote wawili walikopa namba.

Tuelewane hapa, maana wengi tunachanganya. Plagi "ya moto" haitoi cheche kali kuliko plagi "ya baridi". Cheche ni ile ile. Tofauti iko kwenye namna inavyotoa joto. Ndani ya plagi kuna kauri nyeupe inayoizunguka ncha. Kauri ikiwa ndefu, joto linachukua safari ndefu kufika kwenye chuma na kuingia kwenye silinda hedi. Ncha inabaki na joto. Hiyo ndiyo plagi ya moto. Kauri ikiwa fupi, joto linakimbia haraka. Hiyo ndiyo ya baridi.

Ncha ya plagi inatakiwa iishi kati ya nyuzi joto 450 na 800 hivi za sentigredi. Chini ya 450 masizi hayaungui, yanajikusanya na umeme unapotelea humo. Ndicho kilichompata yule wa namba 9. Ikizidi 800, ncha inageuka kaa la moto. Haisubiri cheche tena, inawasha mafuta yenyewe wakati pistoni bado inapanda. Pistoni inasukumwa juu na mtambo, moto unaikandamiza chini. Hakuna alumini ya kuvumilia ugomvi huo kwa muda mrefu. Ndicho kilichompata wa namba 6.

Sasa uone ugumu wa mbio zetu. Gari la kwenye saketi likishaanza linakimbia tu. La kwetu linaamka asubuhi likiwa daladala, saa moja baadaye linatakiwa liwe duma. Plagi zile zile nne zinatakiwa zivumilie foleni na zivumilie kasi. Ndiyo maana jibu haliwezi kutoka kwenye mdomo wa jirani.

Linatoka wapi? Linaanzia kwenye namba ya kiwandani. Kiwanda kiliipima injini ikiwa nzima, kabla hujaigusa. Kisha hesabu umeongeza nini. NGK wenyewe wanatoa mwongozo wa jumla: kila ukiongeza nguvu za farasi 75 hadi 100, shuka hatua moja kwenda kwenye baridi. Hatua moja inapunguza joto la ncha kwa nyuzi kati ya 70 na 100 hivi. Kwa hiyo Impreza iliyotoka kiwandani na namba 6, ukaiongezea farasi 80, inaanza na 7. Siyo 9. Yule kijana wa mkonge alihitaji hatua moja au mbili tu, nazo bei yake haifiki hata robo ya pistoni aliyoipoteza.

Na hiyo namba yenyewe ina mtego. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inazidi kuwa ya baridi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda inazidi kuwa ya moto. Tena Denso wanahesabu kwa 20, 22, 24, ambapo 22 yao inakaribiana na 7 ya NGK. Sasa wewe uliyeambiwa "weka namba kubwa", umeambiwa na mtu anayetumia boksi gani?

Nawasikia mafundi wanaosema baridi ni salama zaidi, bora kukosea huko. Wana hoja, na siwabishii. Plagi chafu unaitoa, unafunga nyingine, maisha yanaendelea. Pistoni iliyotoboka haisafishwi. Ukibaki njia panda kati ya namba mbili, chukua ya baridi. Lakini hiyo ni hatua moja, siyo kuruka tatu kwa woga.

Pia plagi ya baridi siyo dawa ya kila homa. Kama kompyuta imepangwa mafuta yawe machache mno, au cheche inawahi kupita kiasi, injini itagonga hata ukifunga namba 10. Hapo unaficha ugonjwa, hujatibu.

Kisha yako mambo madogo yanayoharibu jibu sahihi. Mwanya ni mmoja. Plagi ya NGK inayoishia na 11 imetoka kiwandani na mwanya wa milimita 1.1. Tabo ikisukuma hewa nyingi, cheche inashindwa kuruka umbali huo, gari linamisi kwenye kasi. Mafundi wengi hushusha hadi 0.8 au 0.7. La pili ni kukaza. Joto la plagi linatokea kwenye meno yake na kikalio chake. Ikilegea, hata ya baridi inageuka ya moto. Fundi anayekaza kwa kukisia anakubadilishia namba bila wewe kujua. La tatu ni feki. Boksi likiwa la kughushi, namba iliyoandikwa pale ni pambo.

Baada ya yote hayo, iache plagi yenyewe iseme. Kimbiza gari kwa nguvu mahali palipofungwa kwa ajili hiyo, zima injini hapo hapo, vuta hadi pembeni, toa plagi zote. Usilirudishe linanguruma polepole hadi gereji, utasoma habari za barabara ya kurudi. Kauri yenye rangi ya chai ya maziwa au kijivu chepesi, uko sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, ni baridi mno au mafuta ni mengi. Nyeupe kama chokaa, yenye vidoadoa au ncha iliyoanza kuyeyuka, simama hapo hapo. Usianze hatua nyingine.

Ninachoomba klabu zetu ni kitu kidogo. Kila gari liwe na daftari. Andika namba ya plagi, mwanya, mahali, jinsi ilivyotoka. Iringa ni juu na hewa nyepesi, Tanga ni usawa wa bahari na hewa nzito, injini haipumui sawa. Daftari la msimu mmoja litakufaa kuliko kuuliza mahema kumi. Na wakongwe wetu watenge asubuhi moja kabla ya msimu, wawaonyeshe vijana plagi iliyoungua na iliyolowa, wazishike kwa mikono yao.

Vijana wetu hawana wadhamini wa kuwanunulia injini ya pili. Wengi wana gari moja, na likikaa juu ya mawe, kipaji kinakaa nalo. Kwa hiyo ukimkuta jirani kafunga nane, msalimie, mtakie kila la heri. Halafu rudi kwenye gari lako, chukua spana, toa plagi uzisome.